Kisa cha kweli jukwaani na kwenye skrini: mwongozo kamili kwa mtunzi

Mtu akikwambia "maisha yangu yanafaa kuwa filamu", mara nyingi anasema kweli kuhusu uzito wa aliyopitia, ila bado hajakupa tamthilia. Amekupa matukio. Tamthilia huanza pale mtu anapolazimika kuchagua huku akijua kwamba kila upande una gharama yake, na watazamaji wakabaki wakijiuliza wao wangefanya nini. Kazi ya mtunzi wa visa vya kweli ni kuutafuta uamuzi huo ndani ya rundo la matukio, kuujengea njia ya kuufikia, na kufanya yote hayo bila kumdhulumu aliyeuishi.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni kuanzia mwanzo hadi mwisho, tuufanyie kazi kana kwamba ulitokea. Karani wa ghala la nafaka anagundua kwamba mizani inayopima magunia ya wakulima imechezewa. Anawaandikia wakubwa wake, hajibiwi. Anahamishwa. Miaka 3 baadaye tume inaundwa, naye anaitwa kutoa ushahidi.

Hatua ya 1: Kipime kisa kabla hujakipenda

Chukua karatasi moja. Andika nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, na siku gani ilifika ambapo hakuweza tena kurudi nyuma. Kwa karani wetu wengi wataandika siku aliyogundua udanganyifu. Lakini siku hiyo jambo lilimfikia tu, hakulitenda. Siku inayotufaa ni ile aliyowekewa ripoti ya mwezi mezani aisaini, akijua kwamba tarakimu zilizomo ni za uongo. Ukija kugundua katika utafiti kwamba alisaini, na kwamba aliendelea kusaini miezi 4 kabla ya kuandika barua ya kwanza, usisikitike kwamba shujaa wako ana doa. Umepata tamthilia yako.

Ebrahim Hussein alikumbana na tatizo hili kwa ukubwa wake wote alipoandika Kinjeketile, tamthilia iliyotoka mwaka 1969. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kuanzia 1905 hadi 1907, vikahusisha jamii nyingi katika eneo kubwa la kusini mwa Tanzania ya leo. Hakuna jukwaa linaloweza kubeba hayo yote. Hussein alimweka mbele yetu mtu mmoja aliyewapa watu imani, imani ikakua hadi ikamshinda yeye mwenyewe, na mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani akitakiwa akiri kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Akikiri, anaua kitu ambacho vizazi vijavyo vitakihitaji. Akikataa, anaibeba damu ya waliokufa wakiamini. Vita vizima vimeingia ndani ya swali hilo moja.

Jiulize pia kwa nini kisa hiki kiwe mchezo wa kuigiza. Huko Uingereza, wasimamizi zaidi ya 900 wa posta ndogo walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu, nyingi ya kesi hizo zikitegemea takwimu za mfumo wa kompyuta uliokuwa na hitilafu. Waandishi wa habari walikuwa wameiandika kadhia hiyo kwa miaka mingi. Januari 2024 kituo cha televisheni cha ITV cha nchi hiyo kilirusha tamthilia ya sehemu 4 kuhusu watu hao, na kufikia Mei mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Habari zilikwisha kuwepo. Kilichokuwa kimekosekana ni mwananchi wa kawaida kuketi jikoni na mwanamke anayetazama deni likiongezeka maradufu kwenye kompyuta huku yeye hajagusa hata senti. Ikiwa kisa chako hakina kitu cha namna hiyo, kitu ambacho hatuwezi kukijua mpaka tukishuhudie kikitendeka, basi huenda kinafaa zaidi kuwa makala au filamu ya hali halisi. Kukubali hivyo mapema kunakuokolea mwaka mzima.

Hatua ya 2: Ruhusa na sheria, kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza

Tukio lenyewe halimilikiwi na mtu. Yaliyosemwa mahakamani hadharani, yaliyoandikwa katika ripoti ya tume, tarehe, majina ya walioshika vyeo: hayo ni mambo ya hakika, na hakimiliki hailindi mambo ya hakika. Inalinda namna yalivyoelezwa. Ukijenga mchezo wako juu ya kitabu cha mtu, mpangilio wake, maneno yake na taswira zake, unahitaji ruhusa yake au ya warithi wake. Chini ya Mkataba wa Berne, ulinzi huo hudumu angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimeuongeza hadi 70. Barua huwachanganya wengi: karatasi ni mali ya aliyepokea, lakini maneno ni mali ya aliyeandika. Mjane anaweza kukupa sanduku zima la barua alizoandikiwa na rafiki yake, na bado asiwe na uwezo wa kukuruhusu uzisome jukwaani.

Kwa mtu aliye hai, tafuta mkataba hata pale ambapo sheria haikulazimishi. Utakufungulia kumbukumbu, picha na watu wake wa karibu, na utakukinga na ugomvi kuhusu mambo ambayo mlikubaliana. Uandike ni sehemu gani ya maisha yake inayohusika, ni kwa matumizi gani (jukwaa, filamu, mfululizo, redio), kwa muda gani, kwa malipo gani, na nani ana neno la mwisho juu ya mswada. Mara nyingi mtayarishaji hulipa kiasi kidogo kwanza ili haki zishikiliwe kwa mwaka mmoja au miwili wakati akitafuta fedha, kisha hulipa kiasi kikubwa kazi ikianza kweli.

Ushauri wangu kuhusu neno la mwisho ni huu: mpe mwenye kisa haki ya kusoma, haki ya kusahihisha mambo ya hakika, na haki ya kusikilizwa. Usimpe haki ya kufuta onyesho. Hilo halitokani na kutomthamini. Mtu aliyepitia jambo zito huwa na wengine anaotaka kuwalinda, na ukimwachia kalamu atamsafisha kila mtu hadi kisa kikose mgongano. Lakini mweleze hivyo mwanzoni, kabla ya mahojiano ya kwanza, ili akikubali awe amekubali akijua.

Kuhusu kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, kuna kesi moja ambayo kila mtunzi anapaswa kuijua. Mwaka 1932 kampuni ya MGM ya Marekani ilitoa filamu kuhusu Rasputin, mtu wa dini aliyekuwa na ushawishi mkubwa katika kasri la mfalme wa mwisho wa Urusi. Mmoja wa wahusika, binti mfalme aliyepewa jina la Natasha, anaonyeshwa akidhulumiwa na Rasputin. Irina Yusupov, mwanamke wa kweli wa ukoo wa kifalme wa Urusi ambaye mumewe alishiriki kumuua Rasputin, alishtaki London akidai kwamba watazamaji wangemtambua kuwa ndiye. Alishinda, na mwaka 1934 mahakama ya rufaa ikathibitisha fidia ya pauni 25,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Ile taarifa tunayoiona mwishoni mwa filamu, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, ilienea kutokana na kesi hiyo. Kwa hiyo kubadilisha jina hakutoshi. Ukitaka mtu asitambulike, badilisha kwa pamoja kazi yake, umri, umbo, familia na mahali alipo, kisha mpe mswada mtu anayemfahamu uone kama atamtambua.

Katika nchi nyingi marehemu hawezi kukashifiwa kisheria, ila si zote, na watoto wake walio hai wanaweza kujikuta wamechafuliwa wao. Mwathirika wa ukatili wa kingono na mtoto aliyehusika katika kesi hulindwa na sheria nyingi wasitambulishwe kwa namna yoyote. Tafuta mwanasheria wa nchi ambako kazi itaonyeshwa, hata kama tukio lilitokea kwingine.

Hatua ya 3: Utafiti

Anza na nyaraka, kisha watu. Tengeneza jedwali lenye safu 4: tarehe, kilichotokea, nani anasema hivyo, na una uhakika kiasi gani. Liendeleze mpaka siku ya mwisho ya kazi. Utashangaa jinsi safu ya tatu inavyobadilisha mtazamo wako, kwa sababu mambo mengi "yanayojulikana na kila mtu" utakuta yamesemwa na mtu mmoja tu, wengine wakamnukuu.

Ukienda kwa watu, usianze na "ulijisikiaje?" Swali hilo huzaa majibu ya jumla: niliumia, niliogopa, nilishangaa. Uliza kuhusu vitu na mwili. Meza ilikuwa upande gani? Ulikuwa umesimama au umekaa? Mkononi ulishika nini? Nani alitoka wa kwanza, na mlango aliufungaje? Karani akishakumbuka kwamba mkuu wake aliendelea kuhesabu risiti wakati wote wa mazungumzo bila kuinua macho, hisia itakuja yenyewe, na wewe utakuwa umepata tendo ambalo mwigizaji anaweza kulifanya. Halafu jifunze kunyamaza. Akimaliza kujibu, subiri. Sentensi inayofuata ukimya huo mara nyingi ndiyo aliyokuja kuisema.

Rekodi kwa ruhusa yake, na unakili maneno kama yalivyo, pamoja na kusitasita, kurudia na kujikosoa. Usisafishe lugha yake. Mtu anayesema "ile mizani, ile mizani ilikuwa, sijui nisemeje, ilikuwa inatucheka" amekupa lugha ambayo hutaibuni ukiwa mezani kwako.

Rudi kwake baada ya wiki kadhaa, umwombe akusimulie tena siku ileile. Zitakuwepo tofauti. Usikimbilie kusema amedanganya. Karani anasema mkuu alimfokea. Mhudumu aliyekuwa chumba cha pili anasema sauti ya mkuu haikupanda hata kidogo. Yawezekana wote wawili ni wakweli: kwa karani, ile sauti ya upole ilitua kama kelele. Tofauti hiyo usiizike ndani ya jedwali. Inaweza kuwa onyesho zima.

Pale kisa kinapogusa jeraha, mhojiwa awe na mtu wake wa karibu chumbani kama akitaka, ajue anaweza kusimama wakati wowote, na ajue rekodi itahifadhiwa wapi na nani ataisikia. Akilia, zima kinasa sauti mpaka akwambie uwashe. Utapoteza dakika chache za sauti na utabaki na mtu anayekuamini.

Na umtafute mpinzani. Nenda kwa mkuu wa ghala, au kwa waliofanya naye kazi, au usome utetezi wake mbele ya tume. Katika tamthilia, mbaya asiye na sababu hana nguvu. Labda alipewa lengo la tani ambalo lisingefikiwa kwa mizani sahihi. Labda alijiambia kwamba wakulima nao huloweka nafaka ili iongezeke uzito. Ukiielewa hoja yake kiasi cha kuweza kuitetea kwa dakika 5 mbele ya watu, upo tayari kumwandika.

Kuna wakati nyenzo ulizokusanya zitakuambia zenyewe kwamba hazihitaji kubuniwa kitu. Hapo ndipo inapokuja tamthilia ya maneno halisi, ambamo kila kinachosemwa jukwaani kilisemwa na mtu kweli. Baada ya kijana Matthew Shepard kuuawa Laramie, Marekani, mwaka 1998, kikundi cha Tectonic Theater kilikwenda katika mji huo na kufanya mahojiano zaidi ya 200, kisha kikajenga mchezo kutokana na sauti za wakazi. Anna Deavere Smith alifanya kazi ya aina hiyo kuhusu machafuko ya mtaa wa Crown Heights, New York, ya 1991 na ya Los Angeles ya 1992, akiigiza peke yake watu wengi waliopingana, akifuata hadi pumzi zao. Njia hii inafaa pale sauti ya jamii nzima ndiyo kisa chenyewe, au pale ambapo kubuni neno lolote kungekuwa kuwakosea heshima waliokufa. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kimeshapita, watu wanasimulia tu. Dawa yake ni kupanga shahidi dhidi ya shahidi, mmoja akiishia pale mwingine anapokana, mpaka mabishano yenyewe yawe tendo linalotokea mbele yetu.

Hatua ya 4: Chagua pa kusimama

Mwanahistoria wa Ugiriki ya kale Herodoto anasimulia kwamba mtunzi Phrynichus wa Athens aliigiza kuanguka kwa mji wa Miletus, uliotekwa na Waajemi mwaka 494 KK na ambao watu wa Athens waliuona kama wa ndugu zao. Ukumbi mzima uliangua kilio. Phrynichus akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao, na mchezo ukapigwa marufuku. Mwaka 472 KK Aeschylus alileta mbele ya watu haohao mchezo kuhusu vita vya Salamis vya 480 KK, ambapo Wagiriki waliwashinda Waajemi. Makovu bado yalikuwa mabichi. Yeye aliliweka jukwaa ndani ya kasri la Waajemi, kwa mama wa mfalme anayesubiri habari za jeshi la mwanawe. Athens ilijitazama kupitia macho ya walioshindwa, na Aeschylus akapata tuzo ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kupanga maonyesho, orodhesha watu wote waliokuwa karibu na tukio, na jaribu kukisimulia kwa ukurasa mmoja kutoka kwa kila mmoja wao. Kisa cha karani kikisimuliwa na mke wake, ambaye ndiye atakayefungasha nyumba wakihamishwa, kinakuwa kisa kuhusu nani hulipa bei ya uadilifu wa mtu mwingine. Kikisimuliwa na mkulima aliyepoteza kilo kadhaa kwa kila gunia, karani si shujaa tena. Ni mtu aliyejua na akanyamaza miezi 4. Chagua aliye na cha kupoteza zaidi na ambaye bado ana la kuamua.

Kisha kata muda. Kisa cha miaka 3 hakihitaji mchezo wa miaka 3. Ningeuweka wetu ndani ya siku chache kabla ya tume kukaa, karani akiandaa ushahidi wake, huku swali ambalo hataki kuulizwa likimkaribia: "Kabla ya barua ya kwanza, ulisaini ripoti ngapi?" Yaliyotangulia yataingia kwa kisengere nyuma (onyesho linalorudi kwenye matukio ya awali), au yatatoka midomoni mwa watu wanaohitaji kuyasema wakati huo.

Ukishafika hapo, andika sentensi moja inayobeba kazi nzima, kwa mfano: karani anayetaka kufichua wizi lazima aamue kama atakiri kwamba yeye mwenyewe aliutia saini. Ibandike juu ya meza. Andika kila onyesho kwenye kadi yake, na chini ya kadi hiyo andika nini kimebadilika mwishoni mwa onyesho. Kadi isiyobadilisha kitu, hata kama ni tukio la kweli lililokuchukua miezi kulithibitisha, iondoe.

Hatua ya 5: Daftari la mabadiliko

Hutaweza kuandika tamthilia bila kubadilisha. Utafupisha muda, utaunganisha watu wawili kuwa mmoja, utahamisha mahali, utabuni mazungumzo ya chumbani ambako hakukuwa na shahidi. Arthur Miller alipoandika kuhusu mashtaka ya uchawi ya Salem, Marekani, ya mwaka 1692, katika mchezo uliotoka 1953, alimpandisha umri Abigail, mmoja wa wasichana waliowashtaki wengine, ambaye katika kumbukumbu alikuwa na miaka kama 11 au 12, akamfanya wa miaka 17, na akabuni mapenzi kati yake na John Proctor, mmoja wa walioshtakiwa, ambaye kwa kweli alikuwa mtu mzima wa miaka kama 60. Aliwaeleza wasomaji katika maelezo ya mwanzo kwamba mchezo si historia kwa maana ya wanahistoria, na akataja kupandishwa kwa umri huo. Hussein naye alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa jukwaani hafanani kwa kila kitu na yule wa historia.

Mimi napendekeza daftari. Kila unapobadilisha kitu, andika mistari mitatu: kilichotokea kweli, ulichoandika, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo mtihani. "Ili tuelewe uamuzi wake mapema zaidi" ni sababu. "Ili kusisimua" haitoshi. Siku mtu wa familia atakapokuuliza, au mwanasheria, au mwandishi wa habari, utakuwa na jibu uliloliandika ukiwa na akili tulivu.

Yapo mambo ambayo singeyagusa kabisa. Usimpe mtu halisi kosa ambalo hakulitenda. Usimnyang'anye mtu tendo lake jema ukampa mwingine kwa sababu tu huyo mwingine ana nyota sokoni. Usigeuze matokeo: aliyehukumiwa abaki amehukumiwa, aliyekufa abaki amekufa. Na uwe mwangalifu mno na nia. Unaweza kuonyesha alichofanya mkuu wa ghala, ila ukimwandikia hotuba ya faragha akifurahia mateso ya wakulima, umemtwika dhambi usiyoweza kuithibitisha. Wahusika wa kuunganishwa wawe watu wa pembeni. Kuwaunganisha makarani wanne waliowahi kufanya kazi pale kuwa mmoja ni sawa. Kumuunganisha mtoa ushahidi mkuu na mtu mwingine ni kumfuta.

Hatua ya 6: Jukwaa au skrini

Watu husema jukwaa ni maneno na filamu ni picha. Si kweli kabisa, lakini yasaidia kuanzia hapo. Jukwaani, mizani moja ya kweli katikati, nzito na yenye kutu, itabaki mbele ya watazamaji usiku mzima. Waigizaji wataizunguka, watakaa juu yake, watapimwa nayo. Waigizaji watano wanaweza kuwa wakulima hamsini kwa kubadilisha kofia na sauti, na hadhira itakubali bila ubishi kwa sababu imeombwa ishiriki kubuni. Mhusika anaweza kugeuka akasema nasi moja kwa moja. Onyesho linaweza kuchukua dakika 20 bila kutoka chumbani, na joto likapanda kila dakika.

Kwenye skrini, mizani ileile tutaiona sekunde 3: kidole kikigusa chuma kidogo kilichofichwa chini ya sahani. Hakuna anayesema neno, na tumeshaelewa. Kamera inakaribia uso wa karani anaposoma tarakimu; hotuba ya ukurasa mzima jukwaani inakuwa kope zinazoshuka. Skripti ya filamu huhesabiwa takriban ukurasa mmoja kwa dakika, hivyo filamu ya kawaida ni kurasa 90 hadi 120, na maonyesho mengi ndani yake hayazidi kurasa 3. Andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Anakumbuka baba yake" haiwezi kupigwa picha. Mtafutie mkono wake kitu cha kufanya.

Bei nayo ni sehemu ya utunzi. Kila mahali papya kwenye filamu ni magari, taa, vibali na siku ya kazi. Umati wa watu mia moja jukwaani unaweza kuwa sauti kutoka nyuma ya pazia. Kwenye filamu ni watu mia moja wanaohitaji kula mchana. Mtunzi asiyefikiria hayo atapunguziwa kazi yake na mtu mwingine, na hatapenda palipokatwa.

Hatua ya 7: Mazungumzo

Rekodi zako zina watu wanaoeleza kilichotokea. Maonyesho yanahitaji watu wanaotaka kitu kutoka kwa mwenzao sasa hivi. Kosa la kawaida ni kuhamisha maelezo ya mahojiano moja kwa moja hadi kinywani mwa mhusika, karani akamwambia mkuu wake mbele ya macho: "Mizani hii imechezewa, na wewe unawaibia wakulima kwa miaka miwili sasa!" Mtu mwenye familia na mshahara mmoja hasemi hivyo siku ya kwanza. Linganisha na hili:

MKUU: Ripoti imechelewa.
KARANI: Peni iliisha wino, bosi.
MKUU: (Anampa yake.) Hii inao.
KARANI: Nilitaka nihakiki kwanza.
MKUU: Tangu lini unahakiki?

Hakuna aliyetaja mizani, na kila mmoja anajua kinachozungumzwa. Maneno halisi kutoka kwenye rekodi yaweke akiba kwa ajili ya sehemu mbili tatu ambapo mhusika hawezi tena kujificha. Yakitokea hapo yatasikika kuwa ya kweli, kwa sababu ni ya kweli.

Hatua ya 8: Usomaji, na kumwonyesha mwenye kisa

Rasimu ya kwanza iandike haraka, bila kufungua jedwali. Ukikwama kwa tarehe, weka alama usonge. Ikiisha, ndipo uipitishe kwenye jedwali mstari kwa mstari, na kila tofauti iingie daftarini.

Kusanya waigizaji wasome kwa sauti mezani, wewe ukae kimya bila mswada mkononi. Utasikia pale wanapopoteza pumzi, pale sentensi inapokuwa ya kuandikwa na si ya kusemwa. Usiwaeleze kisa kabla. Wasipoelewa kutokana na mazungumzo, hadhira nayo haitaelewa.

Kwa mwenye kisa, usimtumie tu mswada. Keti naye, umsomee au usome pamoja naye, na umwonye kuhusu maonyesho magumu kabla hamjayafikia. Kujiona ukiigizwa ni jambo zito hata pale ambapo kila kitu kimeandikwa kwa upendo. Maoni yake yatakuwa ya aina tatu. Masahihisho ya ukweli, yakubali yote. Maumivu ambayo hukuyatarajia, yasikilize, kisha utafute kama kuna njia nyingine ya kufika palepale. Na matakwa ya kuonekana mwema kuliko alivyokuwa: hapo mrudishe kwa upole kwenye yale aliyokwambia mwenyewe, umweleze kwamba ile miezi 4 ya kunyamaza ndiyo itakayowafanya watu wamwamini.

Hatua ya 9: Maneno ya kwanza kwenye skrini

"Hiki ni kisa cha kweli" na "kisa hiki kimetokana na matukio ya kweli" ni ahadi mbili tofauti. Ya kwanza inasema kila unachokiona kilitokea. Mwaka 2024 mfululizo wa Baby Reindeer ulianza kwa kutangaza kwamba ni kisa cha kweli. Mwanamke aliyedai kwamba mhusika mmoja ni yeye aliishtaki Netflix kwa kashfa, na Septemba mwaka huo jaji wa Marekani aliruhusu dai hilo liendelee, akiutilia uzito mstari huo wa mwanzo. Maneno machache yaliyowekwa ili kuvuta watazamaji yakawa kiini cha kesi.

Andika taarifa inayolingana na daftari lako. Kwa karani wetu ningesema: "Tamthilia hii imetokana na ushahidi uliotolewa mbele ya tume na mahojiano na waliohusika. Baadhi ya wahusika wameunganishwa, na mazungumzo ya faragha yamebuniwa." Ni maneno yasiyo na mvuto mkubwa, lakini hakuna atakayeyavunja.

Hatua ya 10: Baada ya onyesho la kwanza

Amueni mapema nani atazungumza na vyombo vya habari na nani hatalazimishwa. Mwenye kisa aketi karibu na mlango, na mtu wake, ili atoke akihitaji bila kuvuka ukumbi. Kama mkataba una malipo ya asilimia, mpelekee hesabu kwa maandishi hata pale mapato ni madogo.

Jiandae pia kwa watu utakaokutana nao mlangoni. Mchezo wa kisa cha kweli huwatoa mashahidi ambao hukuwahi kuwasikia: mpimaji wa zamani wa ghala, binti wa mkuu, mkulima aliyetunza stakabadhi zake zote. Chukua mawasiliano yao, wahoji kwa utaratibu uleule, uyaingize maelezo yao kwenye jedwali. Kwa mchezo wa jukwaani unaweza kurekebisha onyesho kabla ya msimu unaofuata. Filamu haikupi nafasi hiyo, kwa hiyo panga maonyesho ya faragha wakati uhariri bado uko wazi, waalikwe waliokuwapo pale ghalani, pamoja na wasiokubaliana nawe, na uache siku za kutosha kati ya usiku huo na siku ya kufunga picha, yaani siku ambayo uhariri hauguswi tena, ili watakachosema kiweze kubadilisha kitu.